Upatu wa Vidonge

Sisi ni watano, na daftari ninalo mimi,
maana nilifika darasa la nne hapa Igombe
kabla baba hajasema kalamu haianiki dagaa.
Wenzetu hucheza upatu wa fedha,
wakipokea hununua bati, kitenge, sufuria.
Wetu ni wa vidonge vya presha.
Mwezi huu Mbuke anameza kamili,
kimoja kila asubuhi, kama alivyoandika daktari.
Sisi wanne tunameza nusu, au robo,
au tunameza mate tukalala.
Sheria ni moja: aliye kwenye zamu
ndiye anayetubebea wote madumu ya maji
kutoka ziwani mpaka kule juu kwenye mawe,
kwa kuwa ndiye mwenye mwili mwezi huo.

Kwenye zahanati tuna dirisha letu.
Limeandikwa kwa rangi ya buluu, WAZEE KWANZA,
na kweli, sisi ndio wa kwanza kuambiwa hakuna.
Binti wa pale hana ubaya.
Aibu yake ilimwishia saa nne asubuhi
na foleni bado ndefu.
"Mayu, matibabu ni bure. Dawa kanunue nje."

Nje.
Nje ni shilingi elfu tisa.
Nje ni sado mbili za dagaa waliokauka wakalia,
na mvua hii tangu Jumapili haijanyanyua mguu,
dagaa wanaoza wakiwa wamelala kwenye nyavu
na kunguru wenyewe wanawakataa.

Muuza dawa ana mkasi.
Ukimpa elfu mbili
anakata karatasi ya vidonge, krr, krr,
sita, shika, anayefuata.
Mimi nimeuza dagaa miaka arobaini,
sijampimia mtu kopo nisimwongezee konzi juu,
hata mke mwenzangu nilimwongezea,
na yule Mungu anamjua.
Siku moja nikamuuliza kijana, "Na nyongeza?"
Akacheka sana. Alidhani natania.

Kukata ni kazi ya Ngolo, jicho lake bado zima.
Wembe, kifuniko cha kopo la maziwa,
pumzi ameishika kama anamtoa mtoto mwiba.
Unga unaobaki huulamba Nyanzobe,
anasema naye ana haki zake.
Kwangu hutazama pembeni,
halafu huuliza kila mara:
hivi huo ugonjwa nao unajua kugawanyika?

Tulikuwa sita.
Zamu ya Machi ilikuwa ya Holo.
Tarehe ishirini na saba Februari
aliinama kuosha beseni, hakuinuka,
mdomo umevutwa upande mmoja
kana kwamba kuna siri alitaka kumwambia bega.
Wanawe wakaja, wa Geita, wa Kahama,
wakachanga laki tisa kabla jua halijazama.
Ng'ombe, maturubai, spika mbili,
jeneza lenye kioo ili tumwone vizuri.
Walilia, siwasingizii, walilia mpaka sauti zikakauka.
Mimi nikafungua daftari nyuma ya nyumba
nikapiga hesabu, tabia mbaya ya aliyesoma kidogo.
Laki tisa, gawanya kwa elfu tisa.
Miezi mia moja.
Nikarudia, huenda nimekosea sifuri.
Sikukosea.
Sikumwonyesha mtu. Msibani unaonyesha nani?

Jina lake sijalifuta.
Machi ilipoingia tulichanga kama kawaida,
tukanunua vidonge thelathini,
tukaviweka katikati ya mkeka
na hakuna aliyenyoosha mkono.
Mwisho Mbuke akasema, jamani, vitaharibika.
Sita, sita, sita, sita, sita.
Ngolo akaufunga wembe kwenye karatasi yake.
Na maji, mwezi ule,
kila mmoja alibeba dumu lake.